Siku Moja na Shokapu za Nyuma

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kushika spana napima upepo wa tairi zikiwa bado baridi. Tairi ikishatembea hupata joto na kipimo hupanda, kwa hiyo namba ya mchana haiaminiki. Vitabu vingi vya pikipiki hutoa namba mbili za tairi ya nyuma: ya dereva peke yake, na ya dereva na abiria. Ukiruka hatua hii utailaumu bure springi ya shokapu, kifaa cha nyuma kinachomeza mitikisiko ya barabara.

Saa 2:00. Kaka mmoja amekuja na mkewe. Akiwa peke yake pikipiki haina neno. Shemeji akipanda, kona zinakuwa ngumu kukata, pikipiki inataka kutoka nje ya njia, na usiku madereva wanaokuja mbele wanalalamikia taa yake. Dalili zote zinasema jambo moja: nyuma inazama, mbele inainuka.

Tunainua nyuma mpaka gurudumu lining'inie. Kutoka ekseli hadi alama niliyobandika chini ya kiti: milimita 560. Ikisimama kwa uzito wake yenyewe: 550. Kaka anapanda na kofia yake, jaketi na buti: 524. Imezama 36 kutoka 560. Gurudumu hili lina mwendo, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, wa milimita 120, kwa hiyo ni asilimia 30, na kwa barabara ya lami hapo ndipo ninapopataka. Kila kipimo nachukua mara mbili, nikiikandamiza na kuiachia taratibu, kisha nikiiinua na kuishusha taratibu, halafu nashika katikati, kwa sababu msuguano hudanganya.

Saa 3:30. Shemeji anapanda: 494. Imezama 66! Zaidi ya nusu ya mwendo imekwisha na hatujakutana na shimo hata moja. Abiria hukaa karibu kabisa na usawa wa ekseli ya nyuma, kwa hiyo uzito wake karibu wote unabebwa na springi ya nyuma.

Nazungusha nobu ya kukaza springi mpaka napata 518, yaani kuzama 42. Hapa naeleza polepole, maana wengi hufundishwa vibaya. Kukaza hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi ni ileile; kinachobadilika ni kimo ambacho pikipiki inasimama. Shemeji akishuka namwomba kaka abaki juu. Sasa imezama 12 tu. Gurudumu halina tena nafasi ya kutosha kushuka kufuata bonde la barabara, na tairi isiyogusa barabara haishiki breki wala kona. Ndiyo maana sikubaliani na anayeiacha kwenye mkazo wa watu wawili mwaka mzima eti kwa usalama. Abiria akishuka, nobu irudi.

Saa 5:00. Springi iliyobanwa zaidi husukuma kwa nguvu zaidi inaporudi, kwa hiyo naongeza kliki mbili kwenye skrubu ya kupunguza kasi ya kurudi. Wanaendesha wote wawili kwenye tuta. Nyuma ipande mara moja na kutulia. Inatulia.

Saa 6:00. Cheni. Hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo iliyo sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza mno watu wakikaa. Naikagua wakiwa juu. Taa nayo naishusha kidogo. Kimo kikisharekebishwa haihitaji mengi.

Saa 9:00. Mzee ana pikipiki ya shokapu mbili, zile za ngazi tano za kukaza springi. Kushoto iko ya pili, kulia ya nne. Naziweka sawa kwanza. Bado inadunda kama mpira, na kwenye fimbo ya shokapu ya kulia kuna mafuta. Shokapu iliyovuja haiponi kwa kukaza springi. Namwambia, "Mzee, tubadilishe zote mbili, na hadi hapo usipakie mtu." Anakubali.

Saa 11:00 jioni. Wa mwisho hubeba abiria na mizigo kila siku. Nobu imefika mwisho na bado inazama 55. Huyu anahitaji springi nzito zaidi. Nimemwandikia uzito wake, wa abiria na wa mizigo, ili springi ichaguliwe kwa namba hizo.