Siku moja maishani mwangu: Land Cruiser inayopiga usukani

Saa 1:00 asubuhi

Gereji yetu iko Unga Limited, Arusha. Kazi kubwa tunayoifanya ni magari ya safari, hasa Land Cruiser za modeli ya 78 na 79 zilizorefushwa bodi na kuwekewa paa la kufunguka, zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Mvua za vuli zimeanza, kwa hiyo magari yanaingia na matope hadi kwenye vioo.

Dereva wa gari la kwanza amefika kabla yangu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba kaka. Pole na safari."

"Fundi, hili gari litaniua."

Anasimulia. Akiwa kwenye spidi ya 65 hivi, tairi la kushoto likigonga kiraka au kiungo cha daraja, usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu. Mikono inauma, dashibodi inarukaruka, wageni nyuma wanapiga kelele. Haukomi mpaka spidi ishuke hadi 40. Wiki iliyopita gereji nyingine ilimfungia dampa mpya ya usukani, ile shokapu ndogo inayopunguza mapigo. Gari likatulia siku mbili, kisha ugonjwa ukarudi.

Huwa simkatizi dereva. Ameendesha gari lile mwezi mzima, mimi nitakuwa nalo siku moja. Akimaliza, namuuliza. Linaanza lenyewe au mpaka ligonge kitu? Ukikanyaga breki linazidi? Ukiachia mafuta linabadilika? Unalisikia mikononi au kwenye kiti?

Majibu hayo manne yanaokoa nusu siku. Usukani unaotetemeka kidogo kuanzia 80 na kutulia ukipita 100, bila kugonga chochote, mara nyingi unasema tairi, rimu au balansi. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, naenda kwenye diski. Mtetemo unaosikika sakafuni na kwenye kiti huku usukani umetulia, tena unaobadilika ukikanyaga au kuachia mafuta, unanipeleka kwenye propela, ile shafti ndefu chini ya gari, na kros, viungo vyake. Lakini usukani uliotulia tuli, halafu ukalipuka baada ya kugonga kitu kimoja, huo ni mchezo, yaani ulegevu. Kuna kitu kimelegea kwenye ekseli ya mbele, na magurudumu mawili yamepata nafasi ya kuyumba pamoja.

Saa 1:40

Tunaingia barabara ya Dodoma kuelekea Kisongo. Naendesha mimi, dereva kakaa pembeni. Baada ya uwanja wa ndege barabara inafunguka, na asubuhi hii magari ni machache. Sindano inakaribia 70, tairi la kushoto linapita juu ya ukingo wa kiraka cha lami, na usukani unalipuka kama alivyosema.

Naliandika hili kwa ajili ya madereva: likikukuta, usipigane na usukani wala usikanyage breki kwa ghafla. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara kwa mikono miwili, uache gari lipungue lenyewe, kisha pembeni. Ukiushindania kwa nguvu unaweza kulivutia gari kwenye njia ya anayekuja. Kwenye mteremko wa kushuka Mto wa Mbu, gari limejaa watu na mizigo juu, nafasi ya kukosea haipo.

Saa 2:30

Tunarudi na kukuta gari jingine limeingia, limetoka Ndutu usiku. Dereva analalamika usukani unatetemeka kuanzia 75 na amekwisha agiza tairi mbili mpya. Namwomba asilipe kwanza. Kijana wangu anatoa gurudumu la mbele kulia, analilaza, na ndani ya rimu kuna bonge la udongo mweusi limekauka na kuganda kama saruji.

Hili watu hawalipi uzito unaostahili, kwa hiyo nilimpigia hesabu palepale. Tairi ya 7.50-16 ina mzingo wa kama mita 2.5. Kwenye spidi ya 80 inazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Gramu 200 za matope zilizoganda sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu zinavuta kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa kilo 12, na mvuto huo unageuka juu, chini, mbele, nyuma, mara tisa kwa sekunde. Usukani utatulia vipi?

Mpira wa maji, brashi, dakika ishirini. Akaenda barabarani akapiga simu: limetulia. Tairi mpya hazikununuliwa.

Saa 3:15

Sasa gari letu. Kabla ya jeki, naanza na tairi likiwa chini: upepo, uvimbe ubavuni, kuliwa upande mmoja, nati za rimu. Kila kitu sawa. Halafu kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Injini inawaka, gari limesimama kwa uzito wake, kijana yuko kwenye kiti anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia, bila kupumzika. Mimi niko chini na tochi.

Land Cruiser hizi zina ekseli moja nzima mbele, bomba la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tangu 1999 hizi za 78 na 79 zinakalia koili mbele, si springi za majani tena. Springi ya majani ilikuwa inabeba gari na pia kuishikilia ekseli mahali pake. Koili inabeba tu. Kazi ya kushikilia wamepewa mikono miwili mirefu inayozuia ekseli isiende mbele na nyuma, na chuma cha kukingama, panadi, kinachozuia isiende kushoto na kulia. Ncha za vyote hivyo zina bushi za mpira.

Naweka kidole kati ya panadi na kishikio chake kwenye chesisi. Kila usukani unapogeuka, panadi inasogea kwanza, ndipo ekseli inafuata. Bushi imekwisha. Boljointi, viungo vya ncha za tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ni nzima, boksi ya usukani imefungwa imara.

Ningeweza kuishia hapo. Mafundi wengi huishia hapo, kwa sababu kitu kibovu kimepatikana na kinaonekana kwa macho. Lakini kwenye kishindo kama kile nilichokisikia Kisongo, bushi ya panadi inaweza isiwe peke yake. Namwambia kijana, "Dogo, leta jeki."

Saa 4:00

Gurudumu la kushoto liko hewani. Nashika juu na chini, navuta na kusukuma. Linacheza. Nashika kushoto na kulia, halichezi.

Mchezo wa juu na chini unaweza kuwa beringi za habu, kitovu cha gurudumu, au kingpini, na wengi wanabahatisha hapa. Kuna njia ya kutobahatisha: mtu akanyage breki kwa nguvu na wewe utikise tena. Breki inaifunga habu na nako, kile chuma kinachogeuka pamoja na gurudumu ukizungusha usukani, ziwe kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ugonjwa uko kwenye beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini, zile beringi mbili za juu na chini ambazo nako nzima inageukia.

Kijana anakanyaga breki. Mchezo umebaki. Kulia pia upo, mdogo zaidi. Tena sili ya mpira inayolala juu ya tufe la chuma la ncha ya ekseli ina oili nyembamba inayochuruzika, si grisi nzito. Sili ya ndani imepasuka, oili ya difu, zile gia za ekseli, imeingia kwenye nako na kuyeyusha grisi.

Saa 4:30

Nampigia mwenye gari.

"Shikamoo mama. Gari lako nimelipima."

"Marahaba. Si nimeambiwa ni dampa tu? Ifungwe nyingine nzito, Ijumaa lina wageni."

Namweleza taratibu, maana ni pesa yake na ana haki ya kuelewa. Kazi ya dampa ni kupunguza mapigo ya barabara yasifike mikononi. Haikazi kilicholegea. Dampa mpya juu ya kingpini mbovu ni kumziba mgonjwa mdomo asikohoe. Na ni hatari, kwa sababu inamnyima dereva dalili huku beringi ikiendelea kuisha. Namwambia sitaifunga. Nitafungua nako zote mbili, beringi, sili na bushi za panadi, na gari litatoka leo jioni.

Kimya kidogo. "Haya fundi. Fanya kazi, lakini picha nizione."

Atapata picha. Mteja anayedai picha ni mteja mzuri.

Saa 5:00 hadi saa 8:30

Vijana wawili kila upande. Tunafungua kwa mpangilio: kofia ya friwili, soketi ya 54 ya nati ya habu, habu, spindo, shafti, mkono wa nako. Nati za mkono zina washa za koni. Zinahitaji kugongwa kwa nyundo ya shaba hadi ziruke, si kuchokonolewa kwa bisibisi.

Kikombe, pete ya nje ya beringi ya chini kushoto, kinatoka. Nakifuta, nakigeuza kwenye mwanga, nawaita wote waje. Kuna mistari iliyochimbika, kila mmoja mahali roli ilipokaa. Barabara ya vumbi kutoka Lodoare, lango la Ngorongoro, hadi Naabi, lango la Serengeti, na kuendelea Seronera ina mawimbi mfululizo, na gari huyapita kwa saa nyingi usukani ukiwa umenyooka. Roli hazizunguki, zinagonga palepale. Grisi imeoshwa na oili, chuma kinagonga chuma. Mwishowe kila roli inajichimbia kitanda chake. Beringi kama hiyo haina tena ule mkazo unaoizuia nako isiyumbe. Gurudumu likigongwa, hakuna cha kulituliza, na tairodi inampelekea mwenzake wa kulia mtikisiko ule ule.

Napiga picha, natuma kwa mama.

Beringi zilizoletwa kutoka dukani mara ya kwanza nilizirudisha. Maandishi kwenye chuma yalikuwa yamefifia na boksi lilikuwa limebandikwa upya. Zilizokuja baadaye ni za chapa ya Koyo, zimechongwa vizuri. Kwenye kingpini sikubali bei kunishawishi, kwa sababu sehemu hii inabeba maisha ya watu.

Chakula cha mchana ni ugali, maharage na mchicha, tunakula tumesimama.

Saa 8:45

Hapa ndipo kazi inapoharibika ikifanywa haraka. Beringi mpya hazifungwi tu. Chini ya kifuniko na mkono wa nako kuna shimu, vipande vyembamba vya chuma, na unene wake ndio unaoamua mkazo. Nafunga nako bila shafti na bila sili, nazikaza nati, nazungusha mara kadhaa beringi zikae, kisha naning'iniza mizani ya kuvuta kwenye tundu la boljointi na kuvuta polepole. Nako inapoanza kugeuka mizani isome kati ya kilo 3 na 6. Kushoto imesoma 2. Natoa shimu nyembamba moja. Sasa inasoma 4 na nusu. Kulia imekubali mara ya kwanza, 4.

Wengi wanapima kwa mkono na kusema "imekaza". Mkono hautofautishi kilo 2 na kilo 4, ila kwenye spidi ya 70 tofauti hiyo utaiona.

Sili mpya, grisi ya molibdeni kwenye nako, grisi ya beringi kwenye habu.

Saa 10:00

Bushi za panadi zimeingizwa kwa presi. Bolti zake nazikaza gari likiwa limeshuka chini, limekaa kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejipinda siku zote na baada ya muda mfupi unachanika.

Toe, yaani jinsi tairi mbili za mbele zinavyoelekeana, tunaipima kwa futi, alama katikati ya tairi mbili, kimo cha habu, mbele na nyuma. Mbele iwe pungufu kwa milimita moja au mbili. Iko sawa.

Jambo moja nimeliandika pembeni kwa ajili ya mama: koili za gari hili ni ndefu kuliko za kiwandani, zimeinua mbele kama inchi mbili. Ekseli inayoshikwa na mikono ile miwili, ukiinua gari, inajizungusha na kasta, mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, inapungua, na kasta ndiyo inayoufanya usukani ujirudishe katikati wenyewe. Zipo bushi zenye tundu la pembeni za kurekebisha hilo. Si za leo, lakini zisiachwe mwaka mzima.

Saa 10:50

Kabla ya kutoka nafungua dampa na kuiacha gereji. Dereva ananitazama. Namweleza kwamba ekseli nzima ya mbele inapaswa kutulia hata bila dampa, na kama bado kuna ugonjwa, nataka uonekane leo kwangu, usionekane Ijumaa kwake.

Kisongo. Arobaini, hamsini, sitini. Napeleka tairi la kushoto juu ya ukingo ule ule wa kiraka. Usukani unagonga mara moja, unarudi katikati, unanyamaza. Nageuza, narudia kwa 70, mara mbili. Halafu namwachia yeye usukani. Amepita pale akiwa amekunja mabega, na alipofika upande wa pili akacheka kwa sauti.

Saa 11:40 jioni

Dampa imerudishwa, nati za rimu zimekazwa kwa mpangilio wa nyota. Kwenye daftari nimeandika tarehe, kilomita, kilo 4 na nusu kushoto, 4 kulia. Dereva amepewa maagizo matatu: akirudi kutoka Serengeti alete gari tukaze tena nati za mikono ya nako na tupime habu, kwa kuwa beringi mpya hujikalisha mahali pake na mkazo hubadilika, akitoka kwenye matope aoshe rimu kwa ndani, na akiona oili yoyote inachuruzika kwenye tufe la ekseli, asisubiri usukani umwambie. Namba ya gereji ameiandika nyuma ya kadi ya mafuta, na Ijumaa saa 12 asubuhi anawachukua wageni.