Apdeti za Windows: za kuzuia, za kuchelewesha na za kuziacha zipite

Mtu ananunua bando la GB 2, anawasha hotspoti ya simu ili atume barua pepe mbili, na kabla hajamaliza simu inalia: data imekwisha. Hakutazama video wala hakupakua kitu. Aliyepakua ni kompyuta yenyewe. Windows ikiona Wi-Fi huamini kwamba ni intaneti isiyo na kipimo, haijui kuwa nyuma yake kuna simu na bando la siku moja. Apdeti ya mwezi mmoja tu inaweza kuanzia MB mia kadhaa hadi kupita GB 1.

Dawa ya kwanza haihitaji programu yoyote. Unganisha hotspoti kama kawaida, fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Wi-Fi, bonyeza mstari wenye jina la mtandao wako na neno properties, shuka chini hadi Metered connection (yaani mtandao wa kupimiwa), washa. Kwenye Windows 10 swichi yake inaitwa Set as metered connection. Halafu nenda Windows Update, Advanced options, uhakikishe Download updates over metered connections imezimwa, maana ikiwa imewashwa hiyo ya kwanza umeifanya bure. Kuanzia hapo apdeti nyingi zitasubiri, programu za Microsoft Store hazitajisasisha zenyewe, na OneDrive nayo itasimama.

Watu wengi hufika hapo, kisha wiki ijayo bando linaliwa tena na wanasema mbinu haifanyi kazi. Sababu ni kwamba mpangilio huo unakaa na jina la mtandao, haukai na kompyuta. Ukibadili simu, au ukabadili jina la hotspoti, kwa Windows huo ni mtandao mpya na unaanza upya ukiwa huru. Ukichomeka simu kwa waya wa USB ndiyo kabisa: kompyuta inaiona kama Ethernet (mtandao wa waya), kwa hiyo lazima uingie Network & internet, Ethernet, uwashe Metered connection na huko. Ujue pia kwamba Microsoft imejiwekea mlango mdogo, apdeti chache inazoziona za lazima zinaweza kupita hata hivyo.

Ukiwa hapo hapo Advanced options, fungua Delivery Optimization. Hii inaruhusu kompyuta yako kuwagawia wengine vipande vya apdeti ulizokwisha kupakua. Kugawiana na kompyuta za nyumbani kwako ni jambo zuri, mnapakua mara moja mnatumia wote. Lakini kuna chaguo la pili linalojumuisha kompyuta za watu usiowajua kwenye intaneti, na hilo ni bando lako linalopanda juu kwa faida ya mgeni. Chagua Devices on my local network, au zima kabisa. Ndani yake kuna Activity monitor inayoonyesha kilichopakuliwa na kilichopakiwa mwezi huo. Ukitaka ushahidi wa nani amekula data, anza hapo.

Sasa swali la zima-au-usizime. Mitandaoni maelekezo ni yale yale: fungua services.msc, tafuta Windows Update, weka Disabled. Inakaa siku chache halafu inarudi. Inarudi kwa sababu kuna huduma nyingine, Windows Update Medic Service, ambayo kazi yake ni kuitibu hiyo ya kwanza kila inapokutwa imelala. Kuna wanaopambana nayo kwa kubadili ruhusa ndani ya Registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na wengi wao huishia na kompyuta isiyoweza kupakua hata programu za Store.

Na hata ukifanikiwa, umejiweka pabaya. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya usalama, cha udhaifu wa kushirikishana faili, MS17-010. Mei 12 mwaka huo virusi vya WannaCry vikaanza kufunga faili za watu duniani kote kupitia udhaifu huo huo, na kutaka fedha ili wazifungue. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Apdeti za usalama zipite. Cha kuamua ni siku gani.

Zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa za Afrika Mashariki kutegemea majira ya Marekani. Usizichukue usiku huo. Nenda Windows Update, Pause updates, chagua wiki moja, kisha usakinishe ukipata intaneti isiyo ya kupimiwa. Wiki moja inatosha kwa makosa makubwa kuonekana kwa wengine. Mfano wa karibuni ni KB5066835 ya Oktoba 14, 2025, iliyofanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya skrini ya ukarabati ya Windows, yaani mahali penyewe unapokimbilia kompyuta ikigoma kuwaka. Marekebisho yalitoka Oktoba 20. Aliyesubiri wiki moja hakuijua adha hiyo. Pause ina kikomo, mwisho ni siku 35, na baada ya hapo utalazimika kusakinisha kabla ya kuruhusiwa kusimamisha tena.

Zilizobaki zina vipaumbele tofauti. Zenye neno Preview mwishoni mwa mwezi ni za majaribio, ziache, na uzime Get the latest updates as soon as they're available. Toleo jipya la mwaka, kama 24H2 au 25H2, halina haraka, kwani toleo ulilonalo kwenye Home au Pro, aina mbili za kawaida za Windows, hupewa viraka kwa miezi 24. Wenye Pro wanaweza kulishikilia: fungua gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, tafuta Select the target Feature Update version, andika Windows 11 na toleo unalotaka kubaki nalo. Hapo hapo kuna Do not include drivers with Windows Updates, ambayo ni mkombozi kwa mwenye printa au kadi ya sauti ya zamani ambayo draiva yake hubadilishwa kila mara kwa mbovu zaidi. Home haina gpedit.msc, na hiyo ndiyo bei ya Home.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, mara nyingi Windows itajirudisha yenyewe na kuandika Undoing changes. Iache, hata ikichukua saa nzima kwenye diski ya zamani. Anayebonyeza kitufe cha kuzima mara ya pili ndiye anayeharibu. Ikiwaka lakini apdeti zinakataa, fungua Terminal kama Admin, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Angalia: amri hiyo ya kwanza huchota faili kutoka kwa Microsoft, kwa hiyo usiipige ukiwa kwenye bando dogo.

Hii hofu ya kwamba kampuni inaamua badala yako haikuzuka hewani. Mwaka 2015 apdeti KB3035583 iliweka kwenye Windows 7 na 8.1 kidirisha cha kuwashawishi watu wahamie Windows 10. Mei 2016 kidirisha hicho kilibadilishwa, ukibonyeza X ya kufunga ilihesabika umekubali na kompyuta imeshapangiwa saa ya kuhama. Mfanyabiashara mmoja wa California, ambaye kompyuta yake ilijaribu kuhamia Windows 10 bila idhini yake, aliishtaki Microsoft na akapewa dola 10,000. Julai mwaka huo mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ikaiandikia Microsoft kwamba Windows 10 inakusanya taarifa kupita kiasi, na kampuni ikapunguza kabla shauri halijafungwa mwaka 2017.

Leo kinachotumwa kwa Microsoft kuhusu kompyuta yako, yaani telemetria, kiko madaraja mawili, Required na Optional. Ingia Privacy & security, Diagnostics & feedback, zima Send optional diagnostic data, zima Tailored experiences (kwenye matoleo mapya imehamia Recommendations & offers), bonyeza Delete chini yake. Required haizimiki kwenye Home wala Pro. Wanaokuambia uingie Registry uweke AllowTelemetry iwe 0 hawajasoma vizuri, kwani 0 inaheshimiwa kwenye Windows za Enterprise na Education, kwingine inahesabiwa kama 1. Ukitaka kuona kinachotoka, washa Diagnostic Data Viewer, utasoma mwenyewe. Kitambulisho cha matangazo kipo Privacy & security, General, au Recommendations & offers kwenye matoleo mapya; kizime upite.

Usijaze majina ya seva za Microsoft kwenye faili ya hosts, ile inayoelekeza majina ya tovuti, ili kuzizuia. Tangu mwaka 2020 Defender huhesabu hilo kuwa ni utekaji, HostsFileHijack, na inaweza kuirudisha faili hiyo ilivyokuwa mwanzo.

Kuhusu Recall, ile inayopiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache, wengi wanaiogopa bila sababu. Inahitaji kompyuta za Copilot+ zenye kichakataji maalumu cha AI cha TOPS 40 (trilioni 40 za hesabu kwa sekunde) na RAM ya GB 16, na tangu irudishwe Aprili 2025 haiwaki mpaka uiwashe. Kompyuta nyingi za mtumba hazimo. Mambo mawili mengine ndiyo ya kuangalia, na hayasemwi sana.

La kwanza ni OneDrive. Ukianzisha Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, folda za Desktop, Documents na Pictures zinaweza kuhamishiwa OneDrive bila wewe kuombwa wazi. Nafasi ya bure ni GB 5. Picha za familia zinaijaza haraka, kisha unaanza kuletewa ujumbe wa kununua nafasi. Kosa ni kukurupuka na kufuta faili kwenye tovuti ya OneDrive ili kupunguza, kwa sababu zinafutika na kwenye kompyuta. Kosa la pili ni kuzima backup tu, ukarudi Desktop ukakuta tupu. Fuata mpangilio huu. Bonyeza kulia folda zote tatu, chagua Always keep on this device, subiri alama ya kijani, hapo data itatumika. Kisha bonyeza wingu karibu na saa, Settings, Sync and backup, Manage backup, zima zote. Halafu fungua C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop, hamisha vilivyomo kwenda C:\Users\jina lako\Desktop, na folda nyingine vivyo hivyo. Ukishaona faili zinafunguka bila intaneti, ndipo ubonyeze Unlink this PC.

La pili ni usimbaji wa diski, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo. Kuanzia 24H2, ukisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta nyingi husimba diski zenyewe na ufunguo wa tarakimu 48 unapelekwa kwenye akaunti hiyo. Siku BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ikipata apdeti, au ubao mama ukibadilishwa, skrini ya bluu inaweza kukuomba tarakimu hizo. Sasa fikiria fundi amekuwekea Windows kwa akaunti yake mwenyewe ili amalize haraka: ufunguo wa faili zako uko kwake, na akishaisahau akaunti hiyo, hakuna wa kukufungulia. Kagua leo. Privacy & security, Device encryption; ikiwa On, fungua Terminal kama Admin, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili namba hiyo kwenye karatasi. Asiyetaka Microsoft ibaki na nakala anaweza kuifuta kwenye ukurasa wa akaunti yake baada ya kuiandika, ila karatasi ikipotea na faili zimepotea.

Kuna wale wenye HP EliteBook 840 G3 na wenzake wa Intel ya kizazi cha 6 na cha 7 waliojaa kwenye maduka ya mtumba. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa vichakataji vya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo rasmi hawamo. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida Oktoba 14, 2025. Mpango wa nyongeza kwa watu wa nyumbani unafika Oktoba 13, 2026, unalipia dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Njia zote tatu zinadai akaunti ya Microsoft. Fundi anaweza kukulazimishia Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus, na inafanya kazi, lakini toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe. Itabidi urudie zoezi.

Kwa kazi za kuandika, kuvinjari na kutazama video, Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ina viraka hadi 2029, faili ya kusakinishia ni karibu GB 3, na apdeti zake hukaa kwenye orodha mpaka wewe ubonyeze. Ijaribu kwa flashi kabla ya kugusa diski, hasa Wi-Fi na printa.

Ila usikubali Windows iliyokrakiwa kwa kianzishi (programu ya kuipitisha bila leseni) kinachokutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza. Kulalamikia telemetria ya Microsoft huku umempa mtu usiyemjua haki za Admin ni mzaha. Kama iliyopo kwako iliwekwa hivyo, nakili faili zako tu, usinakili programu, ufute diski nzima na kubadili nywila za benki na barua pepe ukiwa kwenye kifaa kingine.