Buti la kufungua kwa mguu: nilivyofunga sensa ya teke kwenye gari ambayo haikuja nayo

Tangu nifunge hii sensa ya teke, yani kifaa kinachohisi mguu ukiingia chini ya bampa ili buti la gari lifunguke, kila mtu akiona buti linafunguka lenyewe anauliza sensa gani nimenunua, na mi nawaambia sensa ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuuliza. Anza na gari yako. Simama nyuma ya gari, milango imefungwa, funguo iko mfukoni, halafu bonyeza kile kitufe kilichojificha juu ya namba pleti. Buti limefunguka bila kugusa rimoti? Kama limefunguka basi una gari inayofaa na kazi iliyobaki ni ya mikono tu. Kama halijafunguka, tulia kwanza usinunue kitu, soma mpaka mwisho.

Sababu ni kwamba mguu haufungui chochote. Buti linafunguliwa na loki yenye kimota ndani yake, kimota kinaamrishwa na kompyuta ya bodi, na kwenye gari zenye funguo ya mfukoni (ile gari inaitambua yenyewe bila kuitoa mfukoni) hiyo kompyuta haikurupuki, kitufe kikibonyezwa inatuma kwanza mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi kilohezi 125 hivi, kutoka kwenye antena iliyokaa huko huko nyuma, yani inauliza funguo upo? Funguo ikijibu ndo loki inaachia. Kwa hiyo sensa ikiunganishwa kwenye waya wa kitufe, kazi yake ni kubonyeza kitufe kwa niaba yako, na ulinzi wote wa gari unabaki vile vile. Mwizi anaweza kupiga teke mpaka kiatu kiishe soli, gari itauliza funguo, haipo, basi.

Sasa kuna mafundi wanaruka hiyo hatua, wanavuta waya wa sensa kupitia riley (swichi inayowashwa kwa umeme) moja kwa moja hadi kwenye kimota cha loki. Inafanya kazi vizuri sana, tatizo inafanya kazi kwa kila mtu mwenye mguu. Kuna seti nyingine zinakuja na kitambulisho chake kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo ili sensa imjue mwenye gari, hizo afadhali, ila hapo usalama wa buti lako umeuweka kwenye kiboksi usichojua kimetengenezwaje. Mi nisingefunga. Kama gari yako haina funguo ya mfukoni, kwa maoni yangu hii kitu sio yako, bora hiyo hela uweke kwenye mambo mengine.

Kingine cha kuangalia mapema ni nani atanyanyua buti. Sensa inaachia loki tu. Kama gari ilikuja na mlango wa nyuma wa umeme raha mustarehe, utapanda wenyewe. Kama una shokapu za gesi za kawaida, loki itaachia "tak", mlango utajiinua kidogo pale raba ya mlango inapousukuma, halafu utasimama unakutazama, na wewe mikono yote miwili imebeba mizigo. Wengi wanaingiza ncha ya kiatu au kiwiko pale kwenye mwanya na inatosha, lakini shokapu zikiwa zimechoka hata hiyo haisaidii. Kwenye saloon ni rahisi zaidi kwa sababu mfuniko ni mwepesi, kuna springi za kuvuta za kuongezea kwenye bawaba ukishazipata sawa mfuniko unapanda mpaka juu. Zipo pia seti za shokapu za mota za kubadilishia zile za gesi, ile ni kazi nyingine kabisa, ina kompyuta yake, loki yake na waya zake, na lazima iwe na mfumo wa kusimama ikigusa kidole cha mtoto, usikubali isiyo na hicho.

Viwandani hii kitu ilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2010. Volkswagen waliitoa na Passat ya 2010, Ford wakaja nayo kwenye Escape ya modeli ya 2013, na baada ya hapo kila mtu akaitaka. Wale wa kiwandani wengi wanatumia waya mbili zinazopita kwa urefu ndani ya bampa, mmoja juu mmoja chini, na seti nyingi za kununua zimeiga hivyo hivyo. Kila waya unatengeneza uga wa umeme mdogo kuelekea nje, mwili wa mtu una maji mengi kwa hiyo ukisogea karibu ule uga unabadilika na kiboksi kinahisi. Waya wa juu unahisi muundi wako, wa chini unahisi mguu unapoingia chini ya bampa. Ziko mbili kwa makusudi. Paka akipita chini anagusa wa chini peke yake, mtu akiegemea gari anagusa wa juu peke yake, hakuna kinachotokea. Kiboksi kinasubiri vyote viwili vibadilike kwa pamoja halafu virudi kama mwanzo ndani ya sekunde moja hivi, hilo ndo teke.

Aina ya pili ni rada, kiboksi kimoja kidogo cha gigahezi 24 unachobandika ndani ya bampa. Kufunga ni rahisi mno ukilinganisha, hamna waya ndefu, lakini inaona chochote kinachotembea chini pale, na kama gari yako ina rada za pembeni za kuonya gari inayokuja usiyoiona, zile zinakaa kwenye kona za bampa hiyo hiyo na sitaki kitu kingine cha kurusha mawimbi karibu nazo. Nilichukua ya waya mbili.

Kazi kubwa ni bampa. Watu wanaiogopa wakati ni uvumilivu tu. Toa skrubu za kwenye matao ya magurudumu, zile za chini, halafu nyingi zinajificha chini ya taa za nyuma kwa hiyo taa zinatoka kwanza, spana ya 10 mara nyingi inatosha. Baada ya hapo bampa inashikwa na meno ya plastiki pembeni, unaanzia kwenye kona ya tairi, unavuta kuelekea nje sio kuelekea nyuma, unasikia meno yanaachia moja moja. Usiivute yote kwa pupa, kuna plagi ya sensa za kupaki na taa za namba inakusubiri ndani, ikivutwa inakatika. Kuwa na mtu wa kushika upande wa pili, na tandika blanketi chini. Siku ya baridi plastiki inakuwa ngumu na meno yanavunjika, fanya siku ya joto.

Ukiigeuza bampa utaona kwa nini sio kila sehemu inafaa. Nyuma yake kuna chuma cha kupokea kishindo, na chuma chochote karibu na waya wa sensa kinaumeza ule uga, sensa inakuwa kiziwi. Acha nafasi ya kutosha, waya ukae umebanwa kwenye plastiki ya bampa yenyewe, wa chini karibu kabisa na ukingo wa chini, wa juu kama kiganja na nusu juu yake. Bandika kwa tepu yake lakini usiiamini peke yake, safisha plastiki na spiriti kwanza halafu ongezea klipu au gundi ya moto kila baada ya hatua fupi, kwa sababu waya ukilegea ukaanza kucheza gari ikitembea, kiboksi kitasoma vitu vya ajabu. Na angalia ekzosi. Mi nilisogeza waya wote upande usio na ekzosi, kwanza joto, pili hutaki kuzoea kuingiza mguu pale penye bomba la moto.

Kuingiza waya ndani ya gari usitoboe bodi. Nyuma ya bampa karibu kila gari ina raba za kuzibia matundu ya kiwandani, chomoa moja, itoboe katikati ndogo kuliko waya, pitisha, rudisha, zungushia silikoni. Waya kabla haujaingia kwenye raba uuning'inize kidogo chini halafu upande, ili maji yadondokee pale chini yasiufuate waya mpaka ndani ya buti.

Haya sasa kitufe, na hapa ndo pa kutuliza akili. Kwenye gari nyingi kitufe kina waya mbili, mmoja athi (yani hasi, ule ulioungwa na bodi ya gari), mwingine una volti kadhaa, ukibonyeza zinaanguka sifuri. Sensa yako inatoa athi kwa nusu sekunde hivi, kwa hiyo unaunga waya wake kwenye ule wenye volti na mchezo umekwisha. Yangu haikuwa hivyo. Pale kwenye mpini kuna vitufe viwili, cha kufungua buti na kile kidogo cha kufunga milango yote, na vyote viwili vinaongea na kompyuta kupitia waya mmoja. Inavitofautishaje? Kwa rezista, vipande vidogo vya kupinga umeme ambavyo nguvu yake inapimwa kwa om. Nilichomoa plagi nikapima na mita kwenye om, kubonyeza kimoja inasoma om 300 na kitu, kingine karibu 1000, ukiachia vyote hamna kitu. Ukiupeleka ule waya athi moja kwa moja kompyuta inaona sifuri, kitu ambacho hakuna kitufe kinachokitoa, inadhani waya umegusa bodi na inanyamaza. Dawa ni kuweka rezista ya thamani ile ile ya kitufe cha buti kati ya sensa na ule waya, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Ndo maana ukisikia mtu anasema sensa yake mbovu haifungui, muulize kwanza kama alipima kitufe.

Maungio yote yalehemu kwa risasi halafu vaa mpira wa kusinyaa kwa joto. Zile klipu za buluu za kung'ata waya sizipendi, eneo lile lina unyevu na baada ya muda shaba inaota ukijani.

Umeme wa kiboksi unatoka kwenye waya wa moja kwa moja wa volti 12 wenye fyuzi yake, ampia 3 au 5 inatosha sana. Seti nyingi zina waya mwingine wa kuunga kwenye umeme unaowaka ukiwasha gari, wengi wanauacha unaning'inia, usiuache, huo ndo unaiambia sensa ilale wakati unaendesha. Halafu pima kinacholiwa gari ikiwa imelala. Mita kwenye ampia, iunge kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zote zilale. Ujanja wa buti ni kusukuma ulimi wa loki na bisibisi mpaka ujifunge ili gari iamini buti limefungwa huku wewe unaendelea kufanya kazi, ila kumbuka kuufungua na rimoti kabla hujaliangusha buti, vinginevyo unagonga chuma kwa chuma. Miliampia 50 kwa gari nzima ndo mwisho ambao wengi wanaukubali, maana hizo peke yake ni ampia-saa 1.2 kwa siku, gari ikikaa wiki tatu bila kuwashwa umeshakula ampia-saa 25 za betri. Kiboksi kizuri kinakula miliampia chache tu, kikizidi 10 nakirudisha kwa muuzaji.

Kupiga teke nako kuna namna. Watu wanafagia mguu kushoto kulia kama wanazima sigara, sensa haisomi hivyo. Simama katikati ya sensa, ingiza mguu moja kwa moja chini ya bampa muundi ukikaribia bampa, toa moja kwa moja, usigande. Halafu rudi nyuma hatua moja, hasa kama mlango unapanda kwa mota, maana utakutana na kidevu chako. Seti nyingi zina kiskrubu cha kuongeza na kupunguza usikivu, anzia chini kabisa upandishe taratibu, na ujaribu bampa ikiwa kavu na ikiwa imelowa, majibu ni tofauti. Tope nene lililokauka linaipunguzia nguvu, na mwenye ndoano ya kuvutia trela ajue ile ni chuma katikati kabisa ya eneo la kupigia teke, itabidi sensa ihamie pembeni au asifunge.

Maji ya presha ndo adui wa kweli. Yakitiririka kwenye bampa yanagusa waya zote mbili na yanaondoka, sensa inaona teke safi kabisa, na kama muoshaji au wewe mwenyewe una funguo mfukoni, buti linafunguka katikati ya povu na kila kilichomo kinaoga. Kuacha funguo mbali kunasaidia, ila mtu anasahau, kwa hiyo mi niliweka kiswichi kidogo ndani ya buti kwenye waya wa umeme wa kiboksi, pale kwenye plastiki ya pembeni. Kabla ya kuosha kinazimwa. Kwa watu wa nyumbani nimebandika karatasi juu yake imeandikwa KUOSHA, na wanaizingatia kuliko nilivyotegemea.