Kiwanja cha pembetatu: katikati ni wapi hasa?
Wenye viwanja vya pembetatu huku Uyole na Tukuyu, mkoani Mbeya, kabla hamjachimba, jiulizeni: katikati ipi?

Chukua kiwanja cha mita 30, 40 na 50. Ukitaka bomba liwe umbali sawa toka kona zote tatu, tafuta nusu ya kila upande, upige hapo mstari wa nyuzi 90. Mistari inakutana katikati ya upande wa mita 50, yaani mita 25 toka kila kona, kwa kuwa kona moja ina nyuzi 90. Kona ikizidi nyuzi 90, nukta inatoka nje, kwa jirani! Hesabu haijakosewa, ndivyo ilivyo.

Bwawa la mviringo linalogusa pande zote tatu ni habari nyingine: gawa kila pembe nusu kwa nusu, mistari ikutane. Nukta hii iko ndani siku zote. Kwa kiwanja chetu hiki ni mita 10 toka kila upande.

Kinachoharibu kazi ni miteremko yetu. Futi ikilazwa ardhini penye mteremko usio sawa, alama za nusu zinahama, na mistari mitatu inaacha kapembetatu kadogo badala ya kukutana. Ishike futi mlalo, kipande kwa kipande, ushushe timazi (uzi wenye uzito) hadi kwenye kigingi.