Kadi ya Pangaboi

Mwezi wa Aprili 2023, zikiwa zimebaki siku chache Ramadhani imalizike, bibi wa mwanafunzi wangu mmoja alinifuata darasani watoto walipokwisha kuondoka. Alikaa kwenye kiti cha mjukuu wake, kiti kifupi kilichoyapandisha magoti yake karibu na kifua, akaniambia kwamba Idi iliyopita alimaliza siku akiwa amemfungia mtoto ndani. Hakusema kwa kujitetea, bali kama mtu anayetoa hesabu. Asubuhi ya Idi watoto wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na nguo mpya, hutoa shikamoo, husema Idi Mubarak, hupewa mkono wa Idi, iwe sarafu au kipande cha halua, kisha huelekea mlango unaofuata. Mjukuu wake, ambaye hajawahi kutamka neno ambalo mtu wa nje angelielewa, alipofikishwa mbele ya mzee wa nyumba ya tatu aliinama akaanza kuchezea mikanda ya makubadhi yake, na mzee akasema mbele ya watu wote, "Huyu hakufunzwa."

"Mwalimu," bibi aliniambia, "mimi nimezaa saba na wote nimewafunza."

Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika kitengo cha watoto wenye usonji, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, kwenye shule ya msingi ya serikali mjini Tanga. Tulikuwa na watoto tisa, walimu wawili na dada mmoja msaidizi. Kadi za Idi zilikuwa tayari kwenye mpango wetu wa kazi za mikono wa juma lile, lakini nilikuwa nimezifikiria kama zawadi za kupeleka kwa wazazi, kitu cha kubandikwa ukutani na kusahaulika. Maneno ya bibi yule yaliibadilisha kazi nzima. Kwa watu wa pwani shikamoo ndiyo mlango wa kila kitu kingine. Mtoto asiyeitoa huonekana ameukataa utu wa aliye mbele yake, na aibu yake humrudia mama, bibi na nyumba nzima. Kama mtoto hawezi kuitoa kwa mdomo, basi na aitoe kwa mkono.

Nilipokuwa Chuo cha Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, nilijifunza njia ya kubadilishana picha iliyoanzishwa mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost. Mtoto asiyesema hufundishwa kuchukua picha ya kitu anachokitaka na kuiweka mkononi mwa mtu, na mtu yule humpa kitu hicho papo hapo. Mwanzoni huhitajika watu wazima wawili: mmoja huketi mbele kupokea, mwingine hukaa nyuma ya mtoto na kuuongoza mkono wake bila kutamka neno lolote. Kwa njia hiyo mjukuu wa bibi yule alikuwa amekwisha kujua kuomba maji, uji na kwenda chooni. Haikuwa imenipitikia kwamba anaweza pia kusalimia, kwa kuwa njia yenyewe huanza na kile ambacho mtoto anakitaka, na salamu si kitu anachokitaka. Pesa ya Idi hakuijali hata kidogo. Halua, hata hivyo, aliipenda kuliko chochote.

Nilikusudia kadi itokane na karatasi moja ya A4 iliyochapwa upande mmoja na kukunjwa mara mbili, hadi ibaki robo ya ukurasa, sentimita 10.5 kwa karibu 15, bila gundi wala mkasi. Gundi niliiepuka kwa sababu watoto watatu kati ya tisa hawakuweza kuvumilia unyevu wake vidoleni, na mmoja wao alikuwa akijisugua mikono ukutani mpaka ngozi ichubuke. Ukunjaji wa namna hiyo una mtego wake. Nusu ya juu ya ukurasa inapokunjwa kwenda nyuma, maandishi yake huingia ndani ya kadi yakiwa miguu juu, kwa hiyo ni lazima yageuzwe kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa. Sikuyageuza. Nilichapisha nakala 20 kwenye duka la steshenari, kwa shilingi 200 kila ukurasa, nikazileta darasani asubuhi nikiwa nimefurahi, na aliyegundua kosa alikuwa mvulana wa miaka 11 ambaye husoma kila kitu anachokiona, kuanzia vibao vya barabarani hadi maelezo ya pakiti ya sabuni. Aliifungua kadi, akaigeuza, akaifunga, akaifungua tena, akaigeuza. Kisha akazikusanya zote 20, akazipanga vizuri, akazirudisha mezani kwangu na kusema, "Imekosewa."

Mvulana huyo alikuwa na shida yake mwenyewe na Idi ile. Kila asubuhi alikuwa akiuliza Idi ni tarehe ngapi, akajibiwa "mwezi ukiandama", na jibu hilo lilimtesa kwelikweli, kwa maana kalenda ndiyo kitu alichokitegemea, na hapa palikuwa na siku kubwa isiyokuwa na mahali pake kwenye kalenda. Nilipokuwa narekebisha ukurasa niliongeza, upande wa ndani, visanduku viwili vidogo, kimoja kimeandikwa 29 na kingine 30. Nikamweleza kwamba mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na siyo vinginevyo, na kwamba mwezi utakapoandama yeye ndiye atakayetia alama ya vema katika kimoja. Aliviangalia visanduku vile kwa muda mrefu. Siku hiyo aliuliza mara mbili tu.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa picha. Kwenye uso wa kadi nilikuwa nimeweka mwezi mwandamo na nyota nilivyovitoa kwenye intaneti, michoro ya mistari myeupe ndani ili watoto waipake rangi. Wengine waliipaka. Yule msichana, mjukuu wa bibi, hakuigusa. Nilimwekea kadi mbele yake, akaisukuma kwa kiganja polepole mpaka ikaanguka. Nikairudisha, akaisukuma tena, bila hasira, kama mtu anayeondoa kitu kilichowekwa mezani kwa bahati mbaya. Na kila siku, kwenye daftari lake, juu ya dawati na kwenye vumbi la kizingiti, alikuwa akichora kitu kimoja: duara dogo lenye majani matatu marefu. Kwa mwaka mzima nilidhani ni ua. Mchana ule nilipofuata macho yake nikaona alikuwa akitazama juu, kwenye pangaboi la darasani, ambalo umeme ulikuwa umekatika nalo limesimama, mapanga yake matatu yakiwa wazi. Ninaikumbuka dakika ile kwa majuto, kwa sababu nilikuwa nimesahihisha daftari lile mara nyingi na chini ya picha zile nilikuwa nimeandika, kwa kalamu nyekundu, "ua zuri".

Nilipiga picha mchoro wake kwa simu, nikauingiza kwenye kompyuta, nikaufuta madoa ya daftari na kuuweka mahali pa mwezi na nyota. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa SHIKAMOO, na ndani, safari hii yakiwa yamegeuzwa inavyotakiwa, IDI MUBARAK na visanduku viwili. Mwalimu mkuu aliniruhusu kuleta printa ya ofisini darasani siku moja, jambo ambalo lilihitaji maandalizi, kwani mlio wake ungeweza kumtoa mtoto mbio hadi barabarani. Siku mbili kabla niliwaonyesha picha ya printa kwenye ubao wa ratiba. Siku yenyewe wawili wenye masikio mepesi walikaa barazani na dada, na waliobaki walisimama nyuma ya mstari wa chaki. Karatasi ya kwanza ilipotoka, msichana yule aliuvuka mstari, akaichukua, akaiweka shavuni. Ilikuwa bado ya moto. Akafumba macho, akasubiri, na ilipopoa akanyosha mkono kupokea ya pili. Hivyo ndivyo tulivyozipata kadi zake 12, moja baada ya nyingine, kila moja ikipitia shavuni kwanza, na sikuona sababu ya kumharakisha.

Watu waliniuliza baadaye kwa nini sikumwacha kila mtoto achore kadi zake kwa mkono tangu mwanzo, kwani si ndiyo ubunifu? Nawajibu kwamba kadi inayotolewa haibaki. Mtoto huyu kuachana na kitu chake ni maumivu, na kitu kilichochorwa kwa mkono hakina mwenzake duniani. Leo Kanner, daktari aliyewaeleza watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, aliandika tangu wakati huo juu ya namna wanavyong'ang'ania mambo yabaki yalivyo. Nakala zilizochapwa zilimpa jambo ambalo maneno yangu yasingeweza kumpa: kadi ikienda, ipo nyingine iliyo sawasawa nayo. Alizipaka rangi zote 12 kwa namna moja, panga moja tu, la kulia, kwa bluu, na mawili akayaacha meupe.

Kukunja kulichukua siku tatu. Nilianzia mwishoni, yaani mimi nilikunja mara ya kwanza na nusu ya mara ya pili, naye alimalizia kwa kupitisha kidole gumba kwenye mkunjo, ili kila mara kazi iishe mikononi mwake. Kisha nikampunguzia sehemu yangu kidogokidogo. Kutoa ndiko kulikokuwa kugumu. Dada alikaa nyuma yake, mimi mbele nikiwa na kipande cha halua kidogo kama punje ya haragwe. Kadi ilifika kiganjani mwangu lakini vidole vyake havikuiachia. Tulibaki hivyo, wote wawili tumeishika, hadi nilipopata wazo la kuweka kadi ya pili mezani mahali anapoiona. Akaitazama ile, akaitazama hii, akaachia. "Marahaba, mwanangu," nilisema, nikampa halua. Siku iliyofuata alimpa mpishi wa uji, kisha mlinzi wa geti, mzee aliyekuwa amefunga na ambaye aliipokea kwa mikono miwili, akavua kofia kabla ya kujibu. Nakala za mazoezi tulizichapa nyingine, na zile 12 alizozipaka rangi hazikuguswa.

Siku ya Idi nilifika nyumbani kwao kabla ya adhuhuri. Nilimkuta amekwisha kupita nyumba sita akiwa na binamu zake, bibi akiwa nyuma yake hatua moja, kimya kama nilivyomwonyesha, ingawa yeye ni mwanamke ambaye kunyamaza si desturi yake. Kadi alizifunga kwa utepe kwenye kifuko cha kitambaa kilichoning'inia shingoni. Niliungana nao wakati wanafika kwa mzee wa makubadhi. Alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba yake, amevaa kanzu nyeupe, na alipomwona mtoto uso wake ulibadilika, nadhani alikumbuka. Msichana alisimama, akatazama miguu ya mzee, na moyo wangu ukapiga. Bibi akamgusa kiwiko kwa nyuma, mguso mdogo tu. Mtoto akaingiza mkono kifukoni, akatoa kadi, akaiweka juu ya goti la mzee, maana mkono wake ulikuwa haujanyoshwa.

Mzee alivaa miwani. Alisoma neno la juu kwa sauti ya chini, kisha akainua kichwa, akamtazama bibi, akamtazama mtoto, na kwa muda hakusema kitu.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Marahaba, mwanangu. Idi Mubarak." Akaigusa picha kwa kidole. "Ni ua hili?"

"Ni pangaboi, mzee wangu," nilimjibu.

Aliingia ndani mwenyewe, akarudi na sahani ya halua, akamwinamishia achague. Alichukua kipande kimoja, akakila palepale, kisha akafungua kifuko na kuzihesabu kadi zilizosalia kwa kuzigusa moja moja. Zilikuwa tano. Mzee aliifungua ile aliyopewa, akaona visanduku vya 29 na 30, akaomba kalamu ili atie alama, na nilipomwambia kwamba hiyo ilikuwa kwa ajili ya mtoto mwingine darasani alicheka, akatia alama yake vilevile. Hakumwomba bibi radhi, wala bibi hakuonekana kuisubiri. Aliuliza tu mtoto anasoma darasa la ngapi.

Tulipokuwa tunarudi, bibi alinishika mkono katikati ya uchochoro, akasimama. Aliniambia kwamba Idi ni siku moja, lakini wazee wapo kila asubuhi, dukani, kisimani, na njiani kuja shuleni. Shule ilipofunguliwa nilirudi kwenye kompyuta, nikaondoa maneno ya Idi na vile visanduku viwili, nikaacha pangaboi na SHIKAMOO peke yake, nikachapa 30. Alizipokea zikiwa za moto.