Usiku Grupu Liliponyamaza

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, ikielekea saa moja, nilizima simu nikaiwasha mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani bando limekwisha. Mara ya pili niliilaumu simu yenyewe, maana wiki ile ilikuwa imeniponyoka na kioo kilipata ufa pembeni. Mara ya tatu ilikuwa ubishi tu. WhatsApp inaniambia inaunganisha, inaunganisha, na haiunganishi.

Wakati ule nilikuwa admini wa grupu la watu tuliosoma pamoja. Cheo chenyewe sikukigombea. Aliyelianzisha alichoka, akanipa uadmini usiku mmoja, kulipokucha akalefti. Tulikuwa 231, na grupu siku hizo lilikuwa haliruhusiwi kuzidi watu 256, kwa hiyo hakukosekana mtu wa kunifuata pembeni akitaka kumwingiza mwenzake, nami nahesabu nafasi zilizobaki kama kondakta.

Siku ya kawaida zilipita meseji mia nne, mia tano. Pongezi, rambirambi, stika, sauti za dakika saba ambazo msemaji anaanza kwa kukohoa. Watu waliniuliza nawezaje kuzisoma zote, na mimi nilikuwa nikijibu kwa majivuno kwamba admini lazima ajue kila kitu. Uongo. Nilikuwa nazipitisha chini ya kidole gumba mpaka ile namba ya kijani itoke. Ile namba kwangu ilikuwa deni. Nikiiona sipati usingizi, ikitoka napumua, na baada ya dakika kumi imerudi.

Basi usiku ule deni likagoma kukua. Facebook na Instagram nazo zilikuwa zimezima, dunia nzima. Mwenzetu mmoja ambaye hawezi kukaa kimya alinitumia SMS: "Hamia Telegram, nimeshafungua grupu jipya, waambie wote." Niwaambie kwa njia gani, hakusema. Kumbe hakuwa peke yake. Pavel Durov mwenye Telegram alitangaza baadaye kwamba siku hiyo walipokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70. Mimi sikuhamia. Nilikaa kitandani na simu mkononi, kidole kinatafuta kazi.

Meseji za zamani zinakaa kwenye simu yenyewe, hazihitaji mtandao. Nikaanza kupandisha juu. Sikumbuki kama niliwahi kulisoma grupu lile kwa kurudi nyuma, na nilishangaa jinsi linavyokuwa kitu kingine kabisa. Ukisoma kuelekea chini unakimbizwa na kinachofuata. Ukirudi juu hakuna anayekukimbiza. Niliona utani ambao sikuucheka. Niliona mtu aliyeaga kwamba anahama nchi, akajibiwa na wawili.

Nikafika tarehe 12 Septemba, saa nne usiku.

"Jamani habari za usiku. Kuna mtu humu amewahi kumuuguza mgonjwa wa kiharusi? Nataka kujua namna ya kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Ni mama."

Chini yake, dakika ileile, kulikuwa na meseji ndefu yenye alama ya mishale miwili, ile ya meseji iliyokwisha kufowadiwa mara nyingi: onyo kwamba ukipokea simu kutoka namba fulani za ajabu, betri italipuka mkononi. Baada ya hapo majibu kama thelathini. "Hii kweli?" "Yalimkuta mtu namjua." "Tumechoka na uzushi." Watu wakagombana, mmoja akatishia kulefti, wengine wakambembeleza. Swali la mama likafukiwa na halikuguswa tena.

Aliyefowadi lile onyo ni mimi.

Na sina hata kisingizio kwamba nilikuwa natupa kila mahali. Tangu Aprili 2020, meseji yenye ile mishale miwili ilikuwa haikuruhusu kuipeleka kwenye mazungumzo zaidi ya moja kwa mpigo. Ilibidi nichague pa kuipeleka, nikachagua pale.

Tena kilichoniuma zaidi, swali lile nilikuwa na jibu lake. Baba yangu alipooza upande mmoja, na kwa miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni. Katika watu 231 huenda walikuwepo wengine, lakini mimi nilikuwepo kwa hakika, macho wazi, simu mkononi, nashughulika na betri zinazolipuka. Nikateremka chini kuona kama aliuliza tena. Hakuuliza. Siku mbili baadaye alimpongeza mtu kwa siku ya kuzaliwa, stika ya keki na maneno "uishi miaka mingi".

Nilimwandikia SMS nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta. Siku 22 zilishapita. Hata sikujua kama mama bado yupo. Mwishowe nikabonyeza jina lake kwenye grupu, nikaichukua namba, nikapiga.

"Haloo."

"Habari za usiku, ndugu yangu."

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

Tulikuwa grupu moja miaka mitano. Nikajitaja jina. Kimya. Nikaongeza: "Admini."

"Aaa, admini! Kaka, nilisita kupokea. Si wewe uliyetuonya namba ngeni zinalipua simu?" Akacheka kwa moyo mweupe kabisa. Mimi nilichelewa kucheka.

"Mama anaendeleaje?"

"Umejuaje habari za mama?"

"Uliandika kwenye grupu."

"Niliandika..." Akanyamaza kidogo. "Ah. Ile."

Hakunilaumu, na nisingejua la kumjibu. Alisema alishatafuta video akaangalia, ila kwenye video kitanda kinapanda chenyewe na wauguzi ni wawili. Yeye yuko peke yake na kitanda ni cha mbao. Nikamwuliza kama ana shuka la ziada. Analo.

"Likunje mara mbili, lilaze chini yake kukatisha kitanda, lianzie mabegani liishie mapajani. Usimvute mkono, hasa ule uliolegea, bega litachomoka. Wewe vuta shuka."

"Ngoja. Nakuweka spika."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu. Nikasikia kitanda kikilia. "Mama, nakugeuza, eh? Pole, mama." Sauti ya mama ikajibu kitu ambacho sikukishika.

"Umesimama wapi?" nikauliza.

"Ubavuni kwake."

"Shika ukingo wa shuka wa upande wa pili yake, uukunje mpaka ngumi zako ziguse mwili wake. Sasa rudisha mguu wako mmoja nyuma, vuta kwa uzito wako, mikono iache. Taratibu."

Kitanda kikalia tena. Kisha pumzi ndefu, sijui ni ya nani kati yao. Nikamwambia aweke mto katikati ya magoti na mwingine mgongoni asirudi. Alipoichukua simu tena alikuwa anahema. "Kumbe kinachovutwa ni shuka," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Tukaongea karibu saa nzima, zaidi habari za kukosa usingizi.

Karibu saa saba usiku simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Huduma ilikuwa imerudi baada ya saa kama sita. Kampuni ya Facebook, ambayo mitandao yote mitatu ni yake, ilieleza kesho yake kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, hata anwani zao zikawa hazipatikani kwenye intaneti. Grupu letu halikuwa na haja ya kungoja maelezo hayo. Meseji ya kwanza kuingia ilikuwa na mishale miwili, na ilieleza kwa uhakika mkubwa ni nani amezima mitandao na kwa nini. Namba ya kijani ilifika 90, ikapita 100.

Chini ya vurugu hiyo iliingia SMS moja, isiyo na picha wala stika.

"Nimekusevu Admini Shuka. Kesho nitakupigia, kumrudisha upande wa kushoto kumenishinda."