Nilivyorudisha miti timboni huku mawe bado yanakatwa

Mimi nasimamia timbo la mawe ya kujengea huku Kilifi, yale mawe ya matumbawe yanayokatwa na mashine. Timbo lenyewe si kubwa, siku ya wateja lori saba nane hivi. Upande wa mashariki tulishamaliza kukata kukabaki shimo jeupe pee, ukisimama pale jua la saa saba macho yanauma, hakuna hata panzi. NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, wanataka shimo lirudishwe ila bosi alikuwa anasema tutarudisha tukimaliza, na mimi najua siku ya kumaliza hela zitakuwa zimeisha na kila mtu kaenda zake.

Basi nikaomba nianze na kona moja tu. Mwaka wa kwanza niliharibu vibaya. Nilinunua miche sitini ya miembe na mikorosho, nikatoboa vishimo kwenye mwamba nikapanda mwezi wa kwanza, kiangazi chenyewe, manake ndio nilipata nafasi. Kufika mwezi wa tatu imebaki miwili yenye majani na hiyo miwili mbuzi wakaimaliza. Vijana wa mashine wakaanza kuniita Bwana Shamba, jina limenikwama hadi leo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani aliyewahi kufanya kazi Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama kule Bamburi, Mombasa. Watu wanapajua kwa Owen na Mzee, yule kiboko na kobe wake wa baada ya tsunami, lakini pale palikuwa machimbo ya simiti matupu, René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha simiti, alianza kupanda 1971 akajaribu aina 26 za miti na zilizoshika ni tatu tu, mvinje ukiwemo. Yule mzee jirani akanicheka, "Mwanangu, unapanda embe juu ya jiwe? Tanguliza mvinje, embe itakuja baadaye." Mvinje unavumilia chumvi, halafu kwenye mizizi yake kunakaa vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani, yaani unajitilia mbolea wenyewe. Nikaenda kuchota magunia mawili ya udongo chini ya mivinje ya zamani ili nije na hao vijidudu, kila shimo nikatia konzi mbili, nikangoja masika yakolee ndio nikapanda, na safari hii nikazungushia miba.

Ikashika! Miaka miwili imenipita kimo. Shida ikawa chini, yale majani yake kama sindano yalijaa zulia zima na hayaozi, hakuna kinachoota hapo. Mzee akaniambia dawa ni majongoo, hata Bamburi ndio walitumia, jongoo anakula yale majani na kinyesi chake ndio udongo. Mvua zilipoanza nikawaambia watoto waniletee, kopo moja shilingi ishirini, siku ya kwanza tu wakaja na ndoo mbili zimejaa, mama mmoja akapita akauliza kwani timboni siku hizi mnakula nini. Saa hii ukifukua kwa kidole unakuta kama inchi moja ya kitu cheusi, laini, kinanukia mvua.

Kitu ambacho sikupanga kabisa ni wale ndege, keremkerem. Udongo wa juu tunaoutoa kabla ya kukata mawe ulikuwa umerundikwa kando, shoveli ikaumega ukawa kama ukuta, na wale keremkerem wadogo wa kijani wakatoboa matundu mawili wakaanza kulea. Mimi nautaka huo udongo nikapandie, bosi anataka nafasi ya malori kugeuzia. Draiva wa shoveli ndiye aliyeona, akazima injini akaniita, "Bwana Shamba, hapa kuna wenyewe." Tukaweka tairi bovu mbele ya ukuta na udongo tukawa tunachota kwa nyuma mpaka makinda yakatoka. Bosi alininunia kama wiki hivi, ati timbo zima linasubiri ndege wanne, halafu siku moja nikamkuta amesimama pale na simu yake anawapiga picha, sikusema kitu.

Sasa tumeingia kona ya pili, na udongo wa juu tunautenga kabla mashine haijagusa. Katikati ya mivinje nimejaribu tena miembe minne, mitatu imeshika. Ule wa nne, mbuzi.